Mzee Nicanor Obiero na Maua Yasiyongoja Matanga

Marehemu Mzee Nicanor Obiero alizaliwa tarehe 9 Juni 1946 karibu na Asumbi, kifungua mimba wa marehemu Mzee Obiero na marehemu Mama Dolphine. Alisoma hapa hapa nyumbani hadi darasa la saba. Masomo hakuyachukia, ila aliipenda mno bustani ya misheni, na viboko vya kuchelewa darasani alivila si haba.

Mwaka 1973 alikwenda Naivasha kufanya kazi katika mashamba ya maua, akapanda hadi kuwa msimamizi. Januari 1975 alifunga ndoa na Phelesia. Alipokwenda kumposa alibeba shada la mawaridi, naye Phelesia akamuuliza, "Kwani sukari kilo mbili ilikushinda?"

Alirudi nyumbani mwaka 1990, akauza mafahali wake na kujenga kivungulio, ile nyumba ya nailoni tunayoijua sote. Tulimcheka, jamani! Lakini mvua haikuyagusa tena mawaridi yake, na kila Jumamosi yalisafiri ndani ya ndoo kwa basi hadi Kisumu, hotelini na makanisani.

Agosti 1993 baba yake alifariki. Kwa desturi yetu mkono haugusi shamba kabla ya mazishi, naye akafunga nyumba ya nailoni. Alipoifungua, maua yote yalikuwa yamechanua na kupukutika, na hoteli ilikuwa imeshapata mkulima mwingine. Alihangaika karibu mwaka mzima kupata mnunuzi wa kudumu. "Ng'ombe asipouzwa leo atauzwa kesho," alimwambia mkewe kwa uchungu. "Ua likishachanua ni chakula cha mbuzi, na nyumba bado inadai maji, dawa na vibarua."

Ugonjwa wa kisukari ulimwanza mwaka 1996. Februari mwaka huu alilazwa Homa Bay, na huko akamwita mkewe na mdogo wake, Job. "Siku yangu ikifika, maua yakatwe," alisema.

Job alishtuka. "Kaka, watu watasema hatukukulilia!"

"Waache waseme. Mimi nitakuwa siwasikii."

Alituaga Alhamisi, tarehe 5 Machi 1998, saa sita mchana. Ametuachia pengo, na tunaumia.

Ameacha mjane, Phelesia, watoto Marcella, Benard na Beverlyne, wajukuu, na Job, anayewasomea wasifu huu. Phelesia hatakuwa ameketi kati yenu ukisomwa. Ameomba iandikwe wazi, isiwe minong'ono: leo Jumamosi yumo ndani ya nyumba ya nailoni na vibarua, anakata maua ya Kisumu, na analia huku anakata. Basi likishaondoka atakuja, tumzike mumewe. Tafadhalini, tumngojee.

Pumzika kwa amani, Nicanor. Leo hujapoteza mteja.