Fortunato Canepa Aiaga Sufuria ya Cordial

Tarehe 30 Aprili 2004, Bwana Fortunato Canepa atavua koti jeupe la Duka la Dawa la Risso, hapa Gibraltar, baada ya kulivaa kwa miaka thelathini na minane. Alianza kwa kuosha chupa. Mwishowe akawa mtu pekee tuliyemwamini na sufuria ya cordial, kinywaji chetu cha maua ya mchungwa, ndimu na mdalasini.

Kila mteja alipewa kinywaji pamoja na somo, atake asitake. Neno cordial, alieleza Canepa, Waingereza na Wahispania huliandika sawasawa kwa kuwa wote walilitoa kwenye Kilatini, na shina lake ni moyo. Hapo kale lilikuwa sifa ya dawa inayoutia moyo nguvu. Baadaye likawa sifa ya mtu mkunjufu, anayekupokea kwa moyo mweupe. Wateja wenye haraka walijifunza kumtuma mtu mwingine dukani.

Ila yeye mwenyewe alikuwa na kinyongo. Ujanani aligombana na dada yake Remedios, aliyeolewa La Línea, mji wa Hispania ng'ambo ya mpaka wetu, kwa sababu ya nyumba ya baba yao. Kabla hawajapatana, Hispania ikaufunga mpaka. Jumapili wenzake walikwenda kwenye uzio wa mpakani kuwapazia sauti jamaa zao wa upande wa pili, yeye hakwenda. Lango lilipofunguliwa baada ya miaka kumi na mitatu, watu walikumbatiana barabarani huku wakilia, naye akabaki dukani akipanga chupa zilizokwisha kupangwa. Ilituuma kumwona vile.

Wiki hiyohiyo Remedios akaingia, akapanga foleni kama mteja yeyote. Zamu yake ilipofika, akaagiza cordial. Fortunato wetu, kwa kubabaika, akaanza somo: Kilatini, shina, moyo.

"Hayo nayajua, kaka," dada akamkatiza. "Wewe mimina."

Akamimina gilasi mbili, moja ikafurika hadi kwenye kaunta. Walikunywa wamesimama, foleni nzima ikingoja, na hakuna aliyelalamika. Tangu siku hiyo somo lake lilifupika sana, na wateja wanamshukuru Remedios hadi leo.

Mzee Canepa, asante kwa kazi, kwa utani, na kwa calentita, ule mkate wa unga wa dengu, uliotuletea ukiwa wa moto kila Ijumaa. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha huko La Línea unakohamia. Dada yako ametuonya tusikucheleweshe kwa hotuba. Basi nenda, mzee wetu. Sahani yako iko mezani kwake.