Mashine Isiyotunza Siri

Bismillahi. Sogeeni, wanangu, na wewe Ridhwan wacha kunifunika shuka na kuniinulia mto kila nikikohoa, kichwa changu si bendera. Haitham, kaa chini. Ulfat, binti yangu, kaa ubavuni mwa mama yako umshike mkono, kwa sababu katika haya nitakayoyasema mengine mnayajua nyinyi na yeye hayajui, na mengine nnayajua mimi na nyinyi mnadhani siyajui. Sheikh Ayoub na jirani yangu Usi nimewaita wawe mashahidi, na kahawa yao iko pale juu ya kasha. Usi, hiyo birika ni ya watu wawili.

Mimi Simai bin Makame, mzaliwa wa Tumbatu, mkaazi wa Malindi, nahodha wa boti ya abiria iendayo na kurudi baina ya Forodhani na kisiwa cha Changuu, nasema wosia wangu hali akili yangu ni timamu, alhamdulillahi, ingawa miguu imeshajiuzulu bila ya barua. Najua nakufa. Usishtuke, Mwanapili mke wangu, na nyinyi vijana msitazamane. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini maradhi haya mmeyaficha nyinyi, na kilichokufichueni ni ukimya. Sikilizeni jinsi ilivyokuwa.

Katika nyumba hii siri hazikusemwa nyumbani. Ukuta wa mawe una mwangwi, ngazi ina masikio, na jirani yetu ni Usi. Siri zilisemwa botini. Mwenye lake alikwenda akakaa omo, mbele kabisa, akanipa mgongo mimi niliyekaa tezi, huku nyuma na usukani, kisha akapiga ukelele kumwambia mwenziwe, na ile mashine ya petroli ikanguruma mpaka meno yakacheza, ikayameza maneno yote kabla hayajanifikia. Pale omo ndipo Haitham alipomwambia mama yake msichana aliyemtaka. Pale ndipo Ulfat aliposema anakwenda chuoni Tunguu kusomea umeme. Mimi baba mtu nilikuwa wa mwisho kujua kila kitu, hata posa ya mwanangu wa kwanza nliambiwa na muuza urojo, tena baada ya kunitoza pesa. Na mashine ile ikanifanya mpiga kelele. Nikitoa salamu msikitini watu walidhani nagombana, nikimuomba mama yenu chumvi majirani walifungua madirisha.

Kisha Ulfat akaja na mashine yake ya umeme. Mama yenu akavua bangili zake zikauzwa, wenziwe Ulfat wa Tunguu wakaja na waya na makasha ya betri, wakaweka sola juu ya turubai, na pwani wakavuta waya wa kuitia chaji usiku. Haitham ukasema, "Baba, hili ni feni la kupepea pweza." Usi ukasema friji la nyumbani kwako lina sauti kuliko boti yangu. Watu wa Forodhani wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nlitaka kujua. Nkamuuliza Ulfat, "Umeme na maji, samaki hawatakaangika?" Akacheka mpaka akakaa chini. Nkamuuliza jua la adhuhuri linakaaje ndani ya kasha mpaka magharibi na lisiliunguze kasha. Nkatia mkono nyuma ya rafadha, lile pangaboi linalosukuma boti, nikanusa maji, nikayanusa tena, maana miaka yote hiyo bahari ya pale ilinuka petroli nami nikidhani ndiyo harufu yake. Nkakaa dirishani hapa nikizitazama feri za Dar zinavyofuka moshi bandarini, nikajiuliza, na hizi je? Ulfat akaniambia huko kaskazini ya Ulaya zipo feri zinazobeba malori kwa umeme mtupu. Nkamwambia nenda kalale, kesho uje unieleze tena pole pole, na lori uliweke mwisho.

Siku ya kwanza tulipotoka, wanangu, nlidhani nimekufa. Boti inakwenda na hakuna kitu kinachonguruma. Maji nliyasikia yakipita chini ya mbao, yakisema hivi penye kina na vingine penye mchanga, na mimi nimepita juu yake umri mzima bila ya kujua kwamba yanasema. Halafu nikawasikia abiria. Yule kijana Khatib anayetembeza watalii, ambaye kila siku nikimuona ananisifu kwa wageni na wageni wananipiga picha na kunitia bakhshishi mkononi, nikajiona kumbe mimi mtu mzuri wa sura, siku ile nikamsikia kwa masikio yangu anawaambia: huyu nahodha ana miaka mia na kumi, alizaliwa mwaka mmoja na makobe wa Changuu, na utotoni wakicheza pamoja. Na bibi mmoja wa kizungu akanitazama shingo, akasema naam, inafanana. Nilicheka mpaka boti ikaenda upande. Tangu siku ile sikutaka kushuka. Nlikuwa kama mtu aliyezibuliwa sikio uzeeni, nataka kusikia kila kitu.

Na nikasikia.

Tulikuwa tunarudi watupu, bila ya abiria. Mimi tezi, nyinyi wawili omo, mmenipa mgongo, na kwa mazoea yenu ya miaka yote mkapiga ukelele kama mnaowaita watu wa Bara. Mashine mpya, ndimi za zamani. Haitham ukasema, "Daktari kasema uvimbe umeshatambaa, mzee hafiki Ramadhani." Ridhwan ukasema, "Tuing'oe mashine hii na betri zake, yupo mtu wa hoteli anaitaka, tumpeleke baba India." Haitham ukasema, "Na Ulfat?" Ridhwan ukasema, "Ulfat tutamwambia imeingia maji." Maneno yalinijia mazima mazima, hakuna hata herufi iliyoanguka baharini. Kisha Ridhwan ukageuka ukaniona nakutazama, ukanichekea, ukanipungia mkono. Na mimi nikakupungia.

Ulfat, usiwatazame kaka zako hivyo. Tazama chini. Mwanapili, lia, una haki, lakini lia pole pole nisije nikapitwa na maneno yangu mwenyewe.

Msidhani nliogopa kwanza. Kwanza nlishangaa, maana mambo yote yaliyokuwa yamenitatiza yakafunguka papo hapo. Kumbe ndiyo maana tangu mwezi ule mliponipeleka kupimwa nikicheza bao na Haitham nashinda mimi, hata nikajitangaza barazani kuwa nimekuwa bingwa uzeeni. Kumbe ndiyo maana kila jioni naletewa pweza na halua, na hakuna anayenibishia, hata niliposema Jumatano ni Alkhamisi nyumba nzima mkaitikia. Hofu ilikuja usiku, na ya usiku ni yangu na Mola wangu, haimo katika wosia huu.

Asubuhi yake nikamfuata daktari peke yangu. Nkamwambia, "Mwanangu, mimi nshajua, nipe iliyobaki." Akakaa nami, Mungu amjaze kheri, akanieleza kama Ulfat anavyonieleza betri. Akasema India watanipima, wataona alichokiona yeye, kisha safari ya kurudi nitarudi mzigoni. Basi, vijana wangu, mlilokusudia lilitoka kwenye mapenzi, na mapenzi yenu nimeyapokea, lakini mlitaka kuuza kitu cha watu ili mninunulie safari isiyokuwa na dawa.

Mashahidi, wekeni vikombe. Hapa ndipo.

Nyumba hii ni ya wakfu, tunakaa kwa kodi, hakuna cha kugombea. Mali yangu ni chombo: mbao zake na misumari yake, benchi na turubai, na ile mashine ndogo ya petroli iliyolala chini ya benchi. Hicho ni mirathi. Mama yenu atapewa thumuni yake, fungu moja katika manane, nanyi mtagawana kama Mungu alivyogawa, mimi sina ulimi wa kuongeza wala kupunguza. Lakini mashine ya umeme, na betri zake, na sola zake, si mali yangu na hazijapata kuwa mali yangu hata siku moja. Ni za Ulfat kwa jasho lake na za Mwanapili kwa bangili zake. Mimi nlikuwa dereva. Haziingii katika mirathi, haziuzwi kwa ugonjwa wangu, haziuzwi kwa hitima yangu, wala asije mtu akasema marehemu alisema, kwa sababu marehemu anasema sasa, na mashahidi hawa hapa.

Mmeona nilivyokufanyeni? Chombo bila mashine ni hori la ng'ombe, na mashine bila chombo ni lile feni la Haitham. Hakuna mmoja wenu atakayekwenda hata Changuu bila ya mwenziwe. Nahodha wengi chombo huenda mrama, najua, basi nahodha awe mmoja, naye ni Ulfat, na nyinyi kaka zake mtavuta kamba na mtavuta riziki. Na ile ya petroli msiitupe. Mke mkubwa hafukuzwi kwa sababu kaja mke mdogo, naye usiku wa dhoruba ndiye anayejua funguo ziliko. Kukugawieni ni sheria, lakini kutouza ni ombi langu, na ombi halina kadhi wa kulilazimisha. Lina baba tu, na baba mwenyewe yumo njiani.

Usi, nanga iliyofungwa omo ni yako, uliniazima tukiwa tuna meno sote. Chukua. Na lile neno la friji nimekusamehe, nawe nisamehe niliyoyasema juu ya mkeo wa pili, ambayo hukuyasikia kwa sababu niliyasema botini zama zile za petroli.

Nipeni maji kidogo. Basi. Inatosha.

La mwisho, na hili Sheikh asininunie. Nizikeni Tumbatu kwa wazee wangu. Kwa gari mpaka Mkokotoni kisha kuvuka ni njia nyepesi, lakini mimi nipitisheni baharini, kutoka hapa Malindi, kwa boti ile, kwa mashine ya Ulfat. Sababu yake ni kwamba sijui kama itafika. Nimemuuliza mwenyewe, kaniambia, "Baba, inategemea mkondo." Hakuna aliyekwishajaribu. Na abiria wa jaribio kama hilo hapatikani mwengine bora kuliko mimi: sitatapika, sitadai nirudishiwe nauli, wala sitauliza tunafika lini. Ulfat ashike usukani. Haitham akae na ile ya petroli, kamba mkononi, asiivute mpaka aambiwe. Ridhwan akae nami, anikinge na rasha la maji, maana ndiye mwenye ugonjwa wa kufunika watu.

Na chaji ikiisha njiani, msione haya, wala msiende mkawaambia watu imefika kumbe haikufika. Washeni petroli mnifikishe, maiti haichelewi kwa ubishi. Lakini mahali ilipoishia patieni alama. Tazameni nchi kavu kuna msikiti gani, kuna mnara gani. Mwakani mkiongeza betri, mpapite. Sitaki kusifiwa juu ya kaburi. Mkija kunizuru nisomeeni Yasini, kisha mniambie mlifika wapi.

Haya. Haitham, wewe mkubwa, sema mbele ya mashahidi. Nini? Toa sauti, mwanangu, usiogope. "Nimeridhia, baba." Mungu akuridhie. Ridhwan? ... Ridhwan? Sheikh, kilio chake kinahesabiwa kuwa ndiyo? Sheikh anasema kinahesabiwa. Ulfat na mama yenu siwaulizi, ni mali yao.

Radhi zangu nimekupeni nyote, za uzito mmoja, hazina fungu la mwanamume na fungu la mwanamke. Mungu akulindeni na mwamba msiouona na rafiki mnayemuona. Akupeni abiria wenye adabu, na mkondo wa nyuma, na ... na watoto wanaouliza maswali. Mwanapili, mama watoto ... wewe nina yako, tutasema wakishatoka.

Nimechoka ... Nendeni. Sheikh, nisomee ... hapo hapo ulipokaa.

Ulfat. Njoo karibu, mwanangu. Shuka ... shuka pwani sasa hivi ... usingoje asubuhi. Kaitie chaji. Ijae kabisa.