Sahani Haipiti Mara Mbili: Tunamkumbuka Bu Lasti

Hamjambo huko mliko, wasikilizaji wapendwa. Wa Wonosobo mjini, wa Kejajar kwenye mashamba ya viazi, na nyinyi mnaotusikiliza kwa simu mkiwa mbali na kwenu. Vuteni mkeka mkae. Leo tunamkumbuka Bu Lasti, Mama Lasti wetu. Jina lake kamili ni Sulastinah, mwalimu, umri miaka hamsini na tisa. Alifariki Jumapili asubuhi, mwezi mmoja uliopita, kwa kiharusi. Nimekuja na kumbukumbu zake, na nimekuja na hasira pia. Hasira hiyo sitaificha.

Tuanze mwanzo. Lasti alizaliwa Kejajar, mtoto wa mkulima wa viazi. Kaka yake mkubwa ni Pak Karsono. Mdogo wake ni Parjan. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya adabu, na adabu ya kwetu mnaijua. Ukikaribishwa chakula, unakataa. Unakaribishwa mara ya pili, unakataa tena, ila kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu ndipo unanyoosha mkono, na unachukua kipande kidogo kuliko vyote. Mwenyeji anajua una njaa. Wewe unajua kwamba anajua. Hakuna anayeumia, maana sote tunaucheza mchezo huo huo.

Lasti aliucheza mbele ya mtu asiyeujua. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, yuko chuo cha ualimu Semarang. Akaja profesa mgeni anayetafuta wanafunzi wawili wa kwenda kusoma kwao, gharama zote juu ya chuo chake. Lasti alikuwa wa kwanza darasani, kwa hiyo akapelekwa. Profesa akamuuliza kama anataka kwenda. Lasti akainamisha kichwa, akasema wapo wengine wanaofaa kuliko yeye. Kisha akangoja aulizwe tena. Profesa akamshukuru, akaandika kitu kwenye karatasi, akamwita aliyefuata. Aliyefuata alikuwa msichana kutoka Medan, na watu wa Medan hawana mizunguko. Akasema nataka. Akaenda.

Lasti alikaa kwenye benchi la nje hadi saa kumi jioni akidhani ataitwa tena. Alinisimulia mwenyewe, humu humu studio, akicheka. Nami nilicheka. Siku hiyo sikuona kwamba macho yake hayakuwa yanacheka.

Akarudi Wonosobo kufundisha. Miaka thelathini na moja katika shule moja, mwalimu mshauri wa wanafunzi, kwenye chumba chembamba kilichokuwa zamani stoo ya viti. Na kazi aliyojipa, bila mtu kumtuma, ilikuwa moja: kuwapeleka watoto wa hapa vyuo vikuu vya nje kwa gharama wanayoiweza.

Mnakumbuka tulivyomcheka? Nje ya nchi ni kwa watoto wa Jakarta, tulisema. Tulikwenda kwenye maonyesho ya hotelini, mawakala wakatugawia kalamu na vibendera, wakatuonyesha vyuo vya ghali, kwa sababu vyuo vya ghali ndivyo vinavyowalipa mawakala. Bu Lasti aliingia humo, akachukua kalamu, akatoka. Kisha akakaa kwenye kompyuta ya shule na kusoma mwenyewe. Malaysia, Taiwan, Uturuki, Ujerumani. Akakuta vyuo vya umma ambavyo ada yake ni ndogo kuliko ya chuo binafsi cha hapo Semarang. Akakuta vingine visivyotoza ada kabisa. Aliniambia haikuwa siri hata kidogo, imeandikwa yote, ila watu hawasomi hadi ukurasa wa mwisho.

Ofisi nazo zilimtoa jasho. Nakala ya cheti inataka mhuri. Mhuri unataka sahihi. Mwenye sahihi yuko semina. Safari moja alikwenda Jakarta usiku kucha na bahasha ya mwanafunzi mapajani, akafika dirishani, akaambiwa wino wa mhuri umefifia, arudi akapigiwe mwingine. Akarudi. Wiki iliyofuata akaenda tena. Bahasha ile ilikuwa ya kijana ambaye leo ni mhandisi Ujerumani.

Aliwapeleka wanafunzi thelathini na saba, wasikilizaji wapendwa. Nasema tena, thelathini na saba, kutoka shule moja ya mlimani.

Lakini ofisi hazikumkera kama tulivyomkera sisi. Watoto walikuwa na alama. Walikuwa na Kiingereza. Wakifika kwenye mahojiano, wakiulizwa kwa nini wachaguliwe wao, wanainama na kusema bado wajinga, bado wanajifunza, wapo wanaostahili zaidi. Na wageni wanaowahoji wanaandika walichosikia. Ndipo Bu Lasti akaanza somo lake maarufu. Kila Alhamisi anakuja na sahani ya tempe, vile vipande vya soya, za kukaanga, za moto, anaipitisha darasani mara moja tu. Ukisema asante, nimeshiba, sahani inapita. Hairudi. Mwezi wa kwanza alirudi nyumbani na tempe karibu zote.

Mzazi mmoja alikuja kulalamika. Alikaa, akanywa chai, akazungumzia mvua kwa nusu saa, ndivyo tulivyo, halafu akasema kwa upole mkubwa: "Bu Lasti, samahani sana. Mtoto wangu siku hizi akikaribishwa, anakula."

"Ndiyo, Bu," akajibu Bu Lasti. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Sasa nifike kwa Wigati. Wigati ni binti wa Parjan, yule mdogo wake Bu Lasti. Ana miaka kumi na minane. Bu Lasti hakuzaa, na huyu alimlea kama wake. Wigati alimwita Bude, kwa kuwa ni dada mkubwa wa baba yake. Binti huyu anataka kusomea magonjwa ya mimea, kwa sababu ameona viazi vya baba yake vikioza ardhini misimu mitatu mfululizo. Bu Lasti alimtafutia chuo kimoja Taiwan. Ada nafuu, bweni, na msaada wa masomo kwa wanaofaulu mahojiano. Huyu angekuwa wa thelathini na nane.

Mahojiano yalifanyika kwa kompyuta, sebuleni kwa Parjan. Bu Lasti alijificha jikoni, nyuma ya pazia. Parjan anasema binti alijibu kama maji yanavyotiririka, nusu saa nzima, udongo, kuvu, mbegu, yote. Mwishoni profesa akauliza swali moja jepesi: nafasi ni chache, kwa nini tukupe wewe? Wigati akainamisha kichwa. Akasema bado hajui mengi, na anaamini wapo wanaostahili zaidi.

Bu Lasti akakaa chini, palepale jikoni. Mahojiano yalipokwisha, binti akaingia.

"Wigati, pale hakuna mtu wa kukuuliza mara ya pili."

"Najua, Bude."

"Unajua. Basi kwa nini?"

"Mdomo ulisema wenyewe."

Parjan anasema dada yake alilia. Hakulia walipomzika baba yao, lakini siku ile alilia, kwa hasira. Matokeo yakaja kesho yake: Wigati hajakataliwa, amewekwa kwenye orodha ya kungoja. Siku nane baadaye Bu Lasti akafariki, akiwa bado anangoja na yeye.

Tulimzika vizuri. Hilo tunaliweza. Kila baada ya isha tulisoma hitima kwake, siku saba, kama desturi. Mkeka hadi barabarani. Maboksi ya wali mia mbili. Nami nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango.

Siku ya tano, asubuhi, Wigati yuko jikoni anafunga maboksi, barua pepe ikaingia. Nafasi moja imepatikana. Unaitaka? Jibu kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho.

Nasema tena ili ieleweke. Jibu kabla ya kesho jioni. Na kesho ilikuwa siku ya sita.

Binti alifanya alivyofundishwa na sisi. Alikwenda kumuuliza mkubwa wa ukoo, Pak Karsono, mbele ya watu. Pak Karsono si mtu mbaya. Alifurahi, akamshukuru Mungu. Kisha akasema: "Ni heri kubwa. Bude wako hajafikisha hata siku saba. Lakini wewe ukiona vema, jibu tu."

Wewe ukiona vema. Kila aliyekaa pale alijua maana yake. Maana yake ni usijibu. Maana yake ni aibu mtu kuwaza safari yake ilhali kaburi la Bude wake bado bichi. Watu wakatikisa vichwa kwa upole, wengine wakasema masomo hayakimbii. Nami nilitikisa kichwa. Mtangazaji mzima, msema hovyo wa mji huu, niliyemhoji Bu Lasti mara nne kwa jambo hili hili, nilitikisa kichwa na kupokea boksi langu la wali.

Wigati alingoja. Siku ya saba tukamaliza kisomo. Asubuhi ya siku ya nane akaandika kwamba anaitaka. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi, jibu la adabu kabisa. Wanasikitika kwa msiba. Nafasi imeshapewa mwingine.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wigati alisikia la mkuu, na guu limevunjika vilevile. Nilikwenda kumwona Parjan shambani. Sikumlaumu, ila nilimuuliza ilikuwaje. Alikaa juu ya gunia, akatazama mikono yake.

"Hakuna aliyemkataza," akasema. "Ndilo linaloniuma. Angekatazwa, labda angebisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkataza."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Pak Karsono, kwa Parjan na mkewe, kwa walimu wenzake, na kwa wale thelathini na saba walioko mbali ambao hawakupata kuushika mchanga wa kaburi lake. Mungu amlaze pema Bu Lasti. Na sisi tuliobaki, tujiulize tulikuwa tukimwombea nini siku zile saba. Alitumia miaka thelathini na moja kutufundisha jambo moja. Tukalisahau kabla kaburi lake halijakauka, tena tukalisahau kwa heshima yake.

Chuo kile kitapokea maombi mengine mwakani. Wigati ameshajaza fomu. Kabla ya kuja hewani leo nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kulitaja jina lake, nikamwambia naweza pia kusema tu mpwa wa marehemu, vyovyote atakavyopenda. Nilitegemea aniambie ni juu yangu.

"Litaje," akasema. "Useme ni mimi, Wigati. Na useme nilikuwa naitaka."