Fundi Viatu Hatikisiki

Benchi la kijiwe liko mbele ya duka la vioo, na hii ilikuwa asubuhi ya tatu vipara watatu wamekaa hapo kama waliopigiliwa misumari. Ng'ambo ya barabara mchoraji kainamia karatasi, penseli mkononi. Anainua macho kwao, anainama tena, hana habari na dunia. Fundi Viatu alishaamua kwamba anachorwa yeye. Miaka kumi na moja ya ndoa, na ukutani kwake kuna picha moja tu: ya marehemu, mume wa kwanza wa mkewe, na masharubu yake. Inamuuma. Akipata yake ataitundika palepale, tena juu kidogo.

— Fundi, kahawa inapoa, alisema Breki, dereva mstaafu.

— Ninyweshe. Sigeuzi shingo.

— Anachora ramani yule, alisema Profesa, ambaye hajawahi kufundisha mtu. Kijiwe kinavunjwa.

— Ramani gani ya kukodolea watu macho? alidakia Breki. Huyo anachora magonjwa. Kanitazama mara mbili tu, goti likaanza kuuma. Ndiyo maana sitikisiki.

— Acha zako! alisema Profesa. Basi anatuhamisha. Akimaliza, sisi tuko karatasini, benchi tupu. Atakayetikisika anaachwa.

— Na birika je?

— Birika halitikisiki. Linakwenda.

— Nyamazeni, alisema Fundi kwa pembe ya mdomo. Mtanichoresha nikiwa nimeachama.

Mara mchoraji akavuka barabara na karatasi yake. Fundi akanyoosha mkono, akaipokea. Akaitazama picha: alikuwa mchoraji mwenyewe, kainama, kazama kazini, ncha ya ulimi imemtoka. Siku zote tatu alikuwa akijichora kwenye kioo kikubwa kilicho nyuma ya benchi.

Lakini pembeni mwa picha kulikuwa na kichogo kimoja cha kipara, kama kilivyoonekana kiooni, kimechorwa kwa upendo, mikunjo yote.

— Hiki cha nani? aliuliza mchoraji. Nataka picha nimpe mwenyewe.

— Changu! walisema watatu.

— Mna hakika?

Profesa akageukia kioo akitafute chake. Kila akizunguka, nacho kinazunguka. Wakakaguana. Vipara vitatu, mikunjo miwili miwili. Miaka yote wamekaa bega kwa bega wakitazama barabara, hakuna aliyewahi kumwona mwenzake kichogoni.

Birika likakauka. Fundi akavaa viatu vyake taratibu.

— Kamwiteni mke wangu, alisema. Yeye ndiye anayekiona kila asubuhi, nikimwacha nakuja huku.