Ukuta wa Nizigama

Nyuma ya pikapu iliyotutoa Lilongwe kwenda kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Mama Kamaliza alimgeukia jirani yake Nizigama, aliyekalia mabati mapya.

"Papa Nizigama, iyo chumba unataka kuongeza, mi nakataa. Ukuta yako itanifungia barabara."

"Barabara ya nini, mama? We hauna hata baiskeli."

Tulicheka. Mama Kamaliza hakucheka.

"Mutoto wangu Wellars, tulipotezana Bukavu wakati wa kukimbia. Kila asubuhi nafungua mulango, naangalia bantu benye banashuka gari kwa barabara. Siku atafika, nataka mi njo nimuone wa kwanza."

Nizigama alipapasa mabati. "Mama yangu alibaki Ngozi, kule Burundi," alisema polepole. "Sasa amesema anakuja. Ni muzee, hawezi kulala chini na batoto. Nitamuweka wapi?"

"Jenga nyuma."

"Nyuma kuna choo ya bantu yote."

Mimi, nisiye na wa kumngojea, nilijitia kutazama mashamba ya mahindi kando ya barabara.

Pikapu ikasimama kambini. Kamaliza alishuka, akawatazama wapita njia mmoja mmoja, kisha akashika ncha ya mabati aliyokuwa akiyashusha Nizigama.

"Nakusaidia kubeba," alisema. "Lakini bado nakataa."