Edna Thackwray, Aliyelishikilia Soko la Alhamisi

Marehemu Edna Thackwray alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Marlthorpe, juu ya duka la matandiko ya farasi, mtoto pekee wa Wilfred na Agnes Sugden. Wakati huo mji ulikuwa barabara moja, kanisa, na uwanja wa soko tuliopewa kwa hati ya mfalme karne nyingi zilizopita. Kondoo walipitishwa mlangoni kwao.

Alisoma shule ya kanisa hadi 1953, kisha akarithi meza ya mama yake ya mayai na jibini. Aliona reli ikifungwa, mnada wa ng'ombe ukihamishwa, na malisho yakijaa nyumba za watu wanaorudi huku kulala tu. Mji ukanenepa, soko likakonda. Kila mtu alilisifu, kisha akaenda kununua mayai supamaketi. Mliomo humu kanisani mnajijua.

Mwaka 1961 aliolewa na Cyril Thackwray, dalali wa mnada, aliyekuwa akimchokoza kila Alhamisi.

"Dada, haya mayai ni ya leo kweli?"

"Ya leo. Wewe ndiye unayeonekana wa juzi."

Walibishana kwa raha hadi Cyril alipofariki mwaka 2004.

Desturi yetu mnaijua. Uwanja ukikosa meza Alhamisi tatu mfululizo kabla ya kengele ya adhuhuri, haki ya soko imekufa, na baraza la mji litapata maegesho ya magari linayoyatamani. Miaka ya mwisho ilibaki meza ya mama yangu peke yake, iwe mvua, iwe theluji.

Mwishoni mwa Januari mapafu yalimlaza. Aliomba mtu mmoja tu amwekee meza. Bwana Pickersgill alisema mgongo unamsumbua. Siku hiyo hiyo alionekana akicheza gofu. Bi. Lumb akasema, "Jamani, kwani lazima iwe mimi?" Alhamisi hiyo mimi nilikuwa hospitalini nimemshika mkono.

"Wameweka?" akauliza.

"Hawajaweka, Mama."

Akageukia ukutani. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Februari 2019. Alhamisi iliyofuata mkaleta maua na kadi za rambirambi hadi nikakosa pa kuziweka, na uwanja ukabaki mtupu tena. Nina hasira nanyi, na sitaomba radhi kwa kuisema kanisani.

Ametuacha mimi binti yake, Hilary, na kaka yangu Duncan, aliyefika jana kutoka Kanada, wajukuu watatu, na mji mzima unaodai ulimpenda.

Leo ni Alhamisi ya tatu. Adhuhuri bado. Meza iko ndani ya gari langu, nje ya lango, pamoja na mayai. Tukishamzika, asiende mtu kunywa chai. Nahitaji watu wa kubeba meza hadi uwanjani kabla ya kengele.

Mama apumzike kwa amani. Ninyi simameni.