Aurélie Tambwe, Aliyetengeneza Jile ya Kupoza Wachimbaji (2002–2025)

Dada yetu Aurélie Tambwe alizaliwa hapa Wamaza tarehe 14 Machi 2002, mtoto wa mwisho wa marehemu baba Tambwe na mama Marguerite. Maneno haya yanasomwa na kaka yake mkubwa, Dominique. Hajazoea kusimama mbele ya watu, mumvumilie.

Shule ya msingi alisoma hapa, sekondari Kasongo. Mwaka 2021 alipata diploma ya serikali, akaingia chuo cha ufundi huko huko Kasongo, upande wa umeme. Kaka alichimba dhahabu Salamabila ili yeye asome.

Mwaka 2023 kaka alizimia shimoni kwa joto. Aurélie alikuja kumtazama, akampima kifua kwa kamba bila kueleza kitu, akarudi chuoni. Baadaye alileta jile, kizibao kisicho na mikono, aliyoishona mwenyewe. Ndani alipitisha mipira ya serumu, ile myembamba ya kutundikia wagonjwa maji, na pampu ndogo ya betri ilizungusha maji baridi kifuani na mgongoni. Siku ya kwanza mpira ulichomoka. Kaka alitoka shimoni suruali imelowa, wachimbaji wakacheka mpaka wakakaa chini. Aurélie, aliyemwita yaya kwa ukubwa wake, alimuuliza polepole, "Yaya, ulikojoa ao ni miye nilifunga mubaya?" Alifunga upya, na tangu hapo kaka hakuzimia tena.

Hakufunga ndoa. Desemba 2024 Nathanaël, mwanafunzi mwenzake, alikuja na wajomba zake kujitambulisha. Mama alimpikia kuku, akamwita mwanangu. Ni Nathanaël aliyetafuta betri ya jile, na hilo hatulifichi.

Tangu utotoni Aurélie aliishi na ugonjwa wa damu wa selimundu, SS. Juni 2025 maumivu yalimzidi, akalazwa Kasongo. Nathanaël aliomba jile aipeleke Kindu kwenye maonyesho ya wanafunzi, kwa niaba yao wawili. Aurélie alimkabidhi kwa mikono yake, akiwa kitandani. Siku chache baadaye redio ya muuguzi ilitangaza kwamba jile imeshinda, na kwamba Nathanaël aliibuni peke yake. Aurélie aliomba sauti iongezwe, akasikiliza hadi mwisho.

Nathanaël aliporudi alieleza kwamba wasimamizi walitaka jina moja tu.

"Na yangu ni moja," Aurélie alimjibu. Hakusema naye tena.

Alifariki tarehe 9 Agosti 2025, alfajiri, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa amemuomba kaka yake kitu kimoja: aseme mbele ya watu ni nani aliyetengeneza jile ile. Kaka anasema leo. Ni Aurélie.

Ameacha mama Marguerite, kaka Dominique, dada Consolée na watoto wao, ambao wote walimwita mama mudogo. Nathanaël aliomba aandikwe kama mchumba. Yuko hapa kati yetu. Atatupa udongo kama wengine, wala hakuna atakayemfukuza. Lakini katika wafiwa hatukumwandika.

Mungu ampokee Aurélie wetu, apumzike sasa bila maumivu.